Profesa wa Viriba

Hakuwa profesa. Jambo hilo alilirudia mpaka akachoka, na mji mzima wa Lushoto ukaendelea kumwita Profesa. "Mimi nilistaafu nikiwa mhadhiri mwandamizi," alimwambia muuza nyanya, fundi bomba, imamu, na yule binti wa duka la dawa. "Profesa ni cheo. Watu wanakitolea jasho." Muuza nyanya alimsikiliza kwa adabu zote, akajibu, "Nimekuelewa, Profesa," kisha akamwongezea nyanya za juu. Mwishowe akaacha kubishana, ila kila alipoitwa hivyo alifinya jicho moja kidogo, kama mtu aliyeingiwa na mchanga.

Kazaliwa wapi, wa ukoo gani, aliwahi kuolewa au la, sijui, na sikuwahi kumuuliza. Mimi nilimjua kwa ujirani. Nyumba aliyopanga ilipakana na kitalu changu cha miche, njia ya kwenda Magamba, na ua uliotutenganisha ulikuwa na tundu kubwa ambalo hakuna kati yetu aliyetaka kuliziba. Asubuhi alipita hapo na kikombe cha chai mkononi, amevaa koti la sufu na kofia ya kufuma, akanikuta namwagilia.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Mama Zuhura. Viriba vyangu vimeamkaje?"

Miche ilikuwa yangu, naye aliitakia heri, lakini hali aliyoijulia ilikuwa ya viriba.

Kwa asiyejua, kiriba ni kile kimfuko cheusi cha nailoni tunachokijaza udongo na kuoteshea mche. Siku ya kupanda unakichana, unakitupa, unaendelea na kazi. Ukizunguka mashamba ya huku kwetu unavikuta kila mahali: vimenasa kwenye miiba, vimeziba mifereji, mbuzi wanavitafuna na kesho yake wanavimbiwa. Profesa alitaka kiriba kisichochanwa. Unakifukia pamoja na mche wake, mizizi inakipenya, udongo unakila, basi. Plastiki ya namna hiyo ipo, alinieleza. Inaanzia kwenye sukari ya mahindi au miwa, inageuzwa kuwa asidi ile ile inayoyapa maziwa ya mgando ukali wake, kisha asidi hiyo inaungwa kuwa minyororo mirefu. Kasoro yake ni kwamba inavunjika kama biskuti. Hiyo ndiyo kazi aliyojipangia uzeeni: kuifanya plastiki inayooza isipasuke ovyo.

"Sasa kwa nini usiifanyie kazi hiyo Dar?" nilimuuliza siku za mwanzo.

"Dar kila kitu kinaoza," alisema. "Hata viatu. Mimi nataka kuona kama kitaoza penye baridi."

Mtu aliyetumia maisha yake kuwaza namna ya kuimaliza plastiki, ungedhani nyumbani kwake utakuta vibuyu na vikapu tu. Thubutu. Jikoni kwake palijaa makopo ya siagi, makopo ya aiskrimu, chupa za maji na ndoo za rangi zilizosuguliwa mpaka zikapauka. Makopo yaliingia ndani ya makopo. Ukiomba chumvi, unafunguliwa kopo lililoandikwa aiskrimu. Ukitaka uzi na sindano, unafunguliwa la siagi. Siku moja nilimsaidia usafi nikatupa kopo lililopasuka ukingoni. Alitoka na fimbo mpaka shimo la taka, akalivua, akaliosha, akalipandia kitunguu.

"Wewe si ndiye unayesema plastiki ni balaa?"

"Sijasema hivyo hata siku moja. Nimesema balaa ni kitu kilichotengenezwa kidumu miaka na miaka, halafu mtu anakitumia asubuhi moja. Hili kopo lina haki ya kufanya kazi mpaka lichoke."

Sukari ya chai aliitoa kwa kupimapima, kijiko kinatikiswa mpaka kinabaki nusu, na hapo hapo akimaliza chai anakupa kapu zima la plamu za mti wake. Zuhura wangu alikuwa sekondari wakati huo. Akienda kuomba msaada wa kemia, harudi na jibu. Anarudi na maswali mapya, macho mekundu, na maandazi ya moto mfukoni. Kesho yake anakwenda tena. Mimi nilidhani ni kemia inayomvuta. Zuhura aliniambia baadaye kwamba yalikuwa maandazi, lakini kemia nayo alifaulu.

Majaribio yake aliyafanyia kwenye kamba ya kuanikia nguo. Alikata vipande virefu vya ile nailoni yake, akavibana juu kwa vibanio, na chini akavining'inizia uzito: pakiti ya chumvi, kisha mbili, kisha mfuko wa maharage. Vingine alivimwagia maji kila siku, vingine akaviacha jua liviunguze. Aliketi kwenye kigoda akivitazama kama mtu anayetazama mpira. Kipande kikikatika pa! bila kurefuka, alisikitika waziwazi. Kikijivuta taratibu, kikapungua unene, kikaendelea kubeba, alipiga makofi peke yake.

Kutoka barabarani vipande vile vilionekana kama matumbo ya ng'ombe yaliyotundikwa yakauke. Mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni na tenga lake tupu aliingia kuuliza bei.

"Bado hayauzwi, mama," Profesa alimjibu, akili yake yote iko kwenye kamba. "Bado yanakatika."

Yule mama aliondoka akitikisa kichwa, na wiki nzima watu waliniuliza kama ni kweli jirani yangu anauza nyama ambayo haijaiva.

Alikuwa fundi wa kueleza, mradi umpe kitu mkononi. Mimi nilimshauri achanganye tu ile plastiki yake na kitu laini, kama tunavyotia mafuta kwenye unga. Hakunicheka. Alinishika mkono akaniingiza sebuleni kwangu mwenyewe, akanionyesha kitambaa cha plastiki kilichotandikwa mezani. "Ulipokinunua kilikuwaje?"

"Laini. Kilikuwa kinanata kidogo."

"Na sasa?"

Sasa kilikuwa kimekakamaa, kimepasuka kwenye kona zote.

"Kilitiwa ulaini wa kupakwa," alisema. "Umetoka polepole. Mwingine umeufuta wewe mwenyewe kwa kitambaa, ukadhani ni mafuta ya chapati. Mimi nataka ulaini uliofungwa kwenye mnyororo wenyewe. Chukua shanga za aina mbili, ngumu na laini, uzitunge kwenye uzi mmoja. Ile laini hata ikitaka kuondoka, haina pa kwenda."

Neno hilo, haina pa kwenda, alilipenda. Alilitumia kwa plastiki, kwa watu waliooana, na kwa abiria wa gari la Mombo likikwama kwenye kona.

Minyororo yenyewe haikutengenezwa Lushoto. Ilipikwa Dar na mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima mwenye mvi na wanafunzi wake mwenyewe, ambaye Profesa alimwita Daktari akiwa naye vizuri na "yule kijana" wakikosana. Profesa alichora mpangilio, Daktari akapika, akavingirisha nailoni, akaituma kwa basi hadi Mombo. Profesa alishuka kuipokea mwenyewe, nami nikimsindikiza. Kule chini kwenye joto alivua koti na kofia, akataniana na wauza machungwa, akala mahindi ya kuchoma akiwa amesimama. Tukianza kupanda mlima, kona baada ya kona, anavaa kofia, anavaa koti, na kimya chake kinarudi.

Kuhusu hao wawili nina mengi ya kusema. Profesa alikuwa mvumilivu ajabu kwa kitu kisicho na masikio. Angengoja miezi nailoni ioze bila kulalamika. Kwa Daktari hakuwa hivyo. Wote wawili walikubaliana kutunga shanga za aina mbili. Waligombania mahali pa kuziweka. Profesa alitaka zile laini zinyunyizwe, moja hapa na nyingine pale, katika mnyororo mzima. Daktari alitaka laini zote zikae pamoja katikati, kipande kirefu, na ngumu zibaki kwenye ncha mbili. Profesa alimwambia kwamba hiyo itakuwa raba, na yeye hakuomba raba. Mimi nilisikia simu hizo kupitia lile tundu la ua, maana masikio yake yalikuwa yamepungua nguvu, na simu aliiweka sauti ya nje.

Basi ukaja mzigo uliotengenezwa kwa mpangilio wa Profesa. Ulikuwa mzuri. Viriba vilikuwa vyeupe kama maji ya mchele, vinakunjika bila kupasuka, na kwenye kamba vilibeba chumvi na maharage bila shida. Mimi nilikuwa na oda kubwa ya kikundi cha kina mama wa Soni, miche ya parachichi ya kubebesha, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mwingine. Profesa hakunishawishi. Mimi ndiye niliyesema tuipandie humo, nikiona fahari kwamba kitalu changu kitakuwa cha kwanza.

Masika ilipoingia, iliingia kweli. Mvua na ukungu, siku nenda siku rudi, viriba havikauki. Kwa macho vilikuwa salama. Siku mwenyekiti wa kikundi alipokuja na gari kuchukua miche, nikainua wa kwanza, udongo wote ukabaki chini na mimi nimeshika mti wenye mizizi mitupu. Nikainua wa pili, ikawa vile vile. Maji yalikuwa yameingia kwenye ile minyororo kila palipokuwa na shanga laini, nazo zilikuwa kila mahali. Kiriba kilikuwa kimelegea kama karatasi iliyolowa.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mrefu, asiyepoteza maneno. Alitazama, akauliza, "Yote iko hivi?"

"Yote," nilisema.

Profesa alikuwa amesimama kwenye tundu la ua na kikombe chake. Alikiweka chini, akaja. "Shida hii imeletwa na mimi," alimwambia mwenyekiti. "Mama Zuhura alifanya kazi yake sawasawa. Mfuko nilioubuni mimi ndio umeshindwa."

Mwenyekiti akawageukia wenzake waliokuja na gari, wakazungumza Kishambaa, haraka na kwa sauti ya chini. Profesa hakujua Kishambaa zaidi ya salamu. Alikuwa anageuza uso kutoka mdomo mmoja hadi mwingine kama mshtakiwa. Mimi nilielewa kila neno na nilitamani nisielewe. Mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa na samadi imekwisha kutiwa. Mmoja alisema wangeenda kununua kwingine na habari za kitalu changu ziishie hapo.

Mwenyekiti aliwasikiliza wote, kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Iliyo na uzima ndani yake inaweza kuokolewa?"

"Inaweza," nilisema, "tukiihamisha leo."

"Haya."

Akavua viatu. Wenzake nao wakavua. Nikatoa viriba vyeusi nilivyokuwa nimebakiwa navyo stoo, maana vingine havikuwepo. Na Profesa, aliyeviapiza viriba vyeusi miaka yote niliyomjua, alikaa juu ya debe lililopinduliwa akavijaza udongo, kimoja baada ya kingine, mpaka jua lilipogeukia upande wa pili wa mlima. Nilimwambia apumzike, akavuta kiriba kingine. Nilimwambia tena, akasema, "Mama Zuhura, niache nijaze." Mimi na wale kina mama tulipiga soga kidogo kadiri kazi ilivyosogea, na mmoja akamwonyesha namna ya kugonga kiriba chini ili udongo ushuke. Akagonga alivyoelekezwa. Miche mingine tuliipoteza, lakini mingi ilishika.

Kesho yake nilikuwa jikoni kwake namenya viazi, kwa sababu sikutaka ale peke yake. Akapiga simu.

"Daktari, mvua imevila viriba vyote."

Kisha sauti ya mtu anayechagua maneno: "Pole sana, mwalimu."

"Usinipe pole. Ule mpangilio wako, wa laini katikati, bado unao?"

"Ule uliosema ni raba?"

"Huo huo."

"Ninao."

"Ulikuwa sahihi. Upike."

"Samahani, mwalimu, unaweza kurudia? Mtandao unakatakata."

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilimsikia hata akipumua. Profesa naye alijua, maana nilimwona akifinya lile jicho. Lakini akarudia, polepole, kama anayesomea watoto imla: "Ulikuwa sahihi. Mimi nilikosea." Akakata simu, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi nilivyokwisha kumenya.

Mzigo mwingine ulipokuja, alitaka kunieleza tofauti yake. Siku hiyo alikuwepo kijana wa bodaboda aliyekuja kuchukua miche ya kabichi. Profesa aliuchomoa mpira wa kufungia mizigo kutoka kwenye pikipiki bila kuomba ruhusa. "Tazama. Ncha mbili za chuma zimeshika. Katikati mpira unavutika. Ungekuwa chuma kitupu ungekatika kwenye shimo la kwanza, ungekuwa mpira mtupu mizigo ingebaki njiani. Sasa fikiria minyororo yenye umbo hili, mingi, ncha zake zimeshikana na ncha za wenzake." Kijana wa bodaboda alisikiliza mpaka mwisho, akasema ameelewa, akaomba mpira wake.

Kiriba kipya kilivutika. Alikivuta, akakigonganisha na ukuta kikiwa kimejaa udongo, akakiloweka kwenye pipa la mvua msimu mzima. Tulikwenda Soni wenyewe kumwonyesha mwenyekiti. Alikishika pande mbili akavuta. Akampa mwenzake upande mmoja, wakavuta wawili, kisha wanne, wakaegemea nyuma wakicheka, na kile kimfuko kikarefuka katikati yao bila kukatika. "Sasa hiki," alisema mwenyekiti, "kitaoza kweli?" Lilikuwa swali zuri, na Profesa hakudanganya. Alisema hajui kitachukua muda gani kwenye baridi ya Soni, na kwamba angeomba apewe kona moja ya shamba ili ajue. Wakampa, tukakifukia humo kikiwa na mche wa parachichi ndani yake.

Ilichukua muda mrefu kuliko alivyotaka. Tulifukua mara kadhaa tukakikuta kizima, akafukia na kutikisa mabega. Mara ya mwisho tulipofukua, mparachichi ulikuwa umenifika kifuani, na pale palipokuwa na kiriba tulikuta vigozi vichache vyembamba kama maganda ya kitunguu, mizizi imevipita bila habari. Alivishika kwa ncha za vidole vikameguka. Sikumwona akifurahi hivyo kabla wala baada yake, na furaha yake ilikuwa kukaa chini pale pale kwenye udongo.

Nisije nikadanganya mtu: viriba hivyo bado ni ghali, na sokoni vyeusi ndivyo vinavyotawala. Daktari anaendelea kupika kidogo kidogo, na mimi na vitalu vichache vya jirani tunavitumia kwa miche ya thamani. Profesa hakukaa kuona zaidi. Magoti yalimshinda na baridi yetu, akahamia Tanga kwa mtoto wa dada yake. Aliniachia makopo yote.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana, nilipoteremka Tanga kwenye harusi. Mtoto wa dada yake, mwanamke mchangamfu, alinipokea mlangoni akaniambia Profesa alianguka bafuni, akavunjika mkono, akapasuliwa. "Anaendelea vizuri," alisema, "ila hospitali nzima inamkumbuka."

Nilimkuta barazani, amekonda, kofia hakuna, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mtoto wa shule. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa vizuri akaanza kunisimulia. Alipokuwa amelazwa juu ya meza, alimuuliza daktari wa upasuaji atamshona kwa uzi gani. Huyo daktari, kijana mpole, akamwambia, "Bibi, usihofu. Ni uzi unaoyeyuka wenyewe mwilini."

"Najua unayeyuka," Profesa alimwambia. "Mnyororo wake umetungwa na nini na nini?"

Yule daktari wa upasuaji hakujua. Profesa alikataa dawa ya usingizi mpaka muuguzi alipoleta pakiti ya uzi na kumsomea maandishi yake, herufi kwa herufi, kwa sababu miwani alikuwa amevuliwa. Ulikuwa wa aina mbili zilizoungwa pamoja. Moja kati ya hizo ilikuwa ile ile yake, ya asidi ya mgando.

"Miaka yote hiyo," aliniambia, "nimeifukia kwenye udongo wa watu. Kumbe itakuja kufukiwa ndani yangu." Alicheka mpaka akakohoa, na mtoto wa dada yake akachungulia dirishani kuona kama kuna tatizo.

Kisha akavuta mkono wa gauni, akanisogezea kiganja kikiwa juu, akanionyesha upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Ngozi ilikuwa nyembamba, ina mabaka ya uzee, na kati yake palikuwa na mstari mmoja mwembamba ulionyooka.

"Tafuta uzi," alisema.

Niliinama, nikapapasa kwa kidole, nikaugeuza mkono kwenye mwanga. "Sioni kitu, Profesa."

Aliutazama mkono wake mwenyewe, kwa muda, kwa makini ya mtu aliyekuwa akizitazama zile pakiti za chumvi zikining'inia. Safari hii hakufinya jicho.

"Mimi pia sioni," alisema. Akashusha mkono wa gauni, akaniomba nimsaidie kusimama, tukaingia ndani kula.